Lincoln Continental au Cadillac De Ville ya 1964: kama una hela ya moja tu, chukua ipi?

Hili swali naulizwa sana na washkaji tulio nao huku Marekani, hasa wale ambao watoto wameshakua, nyumba ina gereji ya kueleweka na kuna vijisenti vimekaa pembeni, sasa mtu anataka gari ya kizamani ile ya ukweli, ndefu, imejaa krom, ukipita mtaani watu wanageuza shingo. Na karibu wote wanaishia kwenye hizo hizo mbili: Lincoln Continental ya mwanzoni mwa miaka ya 60, au Cadillac De Ville ya wakati huohuo, zote zile za kufunua paa. Nimeamua kuandika kirefu mara moja ili nikiulizwa tena niwe natuma tu hii. Nina upande wangu, sifichi, ila sababu nitaziweka mezani halafu kila mtu aamue na pesa yake.

Tuanze na ukoo, maana watu wengi wanadhani hizi ni kampuni mbili zilizozaliwa zikiwa maadui, Ford huku na General Motors (GM) kule. Wapi! Zote mbili zimeanzishwa na mzee mmoja, Henry Leland, mzaliwa wa Vermont mwaka 1843, fundi mashine aliyefundwa kwenye viwanda vya silaha na vyombo vya vipimo, sehemu ambazo kipande kikizidi unene wa unywele kinatupwa. Baadaye akahamia Detroit akawa na karakana yake ya gia na injini. Mwaka 1902 matajiri waliokuwa wamemwekea Henry Ford mtaji wakagombana naye, Ford akaondoka zake, wao wakamwita Leland aje athamini mashine za kiwanda ili wauze wafunge biashara. Mzee akaangalia akawaambia msifunge, mimi nina injini, endeleeni. Ndo ikazaliwa Cadillac, ikapewa jina la yule Mfaransa aliyeanzisha mji wa Detroit mwaka 1701. Kwa hiyo Cadillac, ambayo leo ni fahari ya GM, ilitokana na mabaki ya kampuni ya Ford. Haya.

Mzee alikuwa hatari kwa vipimo. Mwaka 1908 Cadillac tatu zilipelekwa uwanja wa mbio za magari wa Brooklands kule Uingereza, zikafunguliwa hadi nati ya mwisho, vipande vikachanganywa pamoja, halafu mafundi wakaambiwa unganisheni. Wakaunganisha kwa spana na bisibisi tu, hakuna kupiga tupa, hakuna kugonga, gari zikawaka na zikakimbia maili 500. Enzi hizo gari nyingi kila kipande kinakwanguliwa kwa mkono mpaka kikae, spea ya gari hii haiingii kwenye ile hata kama ni modeli moja, sasa Waingereza waliona hiyo kitu wakaduwaa, klabu yao ya magari ikawapa Cadillac tuzo ya Dewar. Baadaye gari za mwaka 1912 zikaja na stata ya umeme ya Charles Kettering, ukawa mwisho wa kuzungusha hendeli mbele ya gari mpaka ikuvunje mkono.

GM walikuwa wameshainunua Cadillac mwaka 1909 ila wakamwachia Leland aiendeshe. Vita ya kwanza ya dunia ilipopamba moto, mwaka 1917, Leland alitaka kiwanda kitengeneze injini za ndege za serikali, zile Liberty, bosi wa GM William Durant akasita, mzee na mwanae Wilfred wakabwaga manyanga. Ana miaka 74 huyo! Akaanzisha kampuni mpya akaiita Lincoln, jina la rais aliyempigia kura yake ya kwanza kabisa mwaka 1864. Walitengeneza injini za ndege 6,500, vita ikaisha, wakageukia magari mwaka 1920. Injini zilikuwa safi mno ila bodi zilionekana za kizee, mauzo yakadorora, madeni yakapanda, na Februari 1922 nani akaja kuinunua mnadani kwa dola milioni 8? Henry Ford. Miezi michache tu baba na mtoto wakaonyeshwa mlango. Kuna wanaosema Ford alikuwa analipiza yale ya 1902, mimi simo, ila mzee Leland kiwandani hakurudi tena na alifariki mwaka 1932.

Toka hapo kila moja ikafuata njia yake. Lincoln ikamwangukia Edsel, mtoto wa Ford, ambaye tofauti na baba yake alikuwa na jicho la urembo. Mwaka 1939 alitengenezewa gari yake binafsi ya kwenda nayo likizo Florida, mchoro wa Bob Gregorie, matajiri wenzake wa kule wakaitamani, ikaingizwa sokoni na ndo Continental ya kwanza hiyo. Ikasimama 1948. Ikarudi 1956 kama Mark II, inauzwa karibu dola 10,000 enzi ambazo hiyo hela ni nyumba, na bado Ford walikuwa wanapata hasara kwa kila moja inayotoka. Halafu zikaja zile Lincoln za 1958 hadi 1960, mameli makubwa ya ajabu, hasara juu ya hasara, mpaka Robert McNamara, ndiyo, huyohuyo aliyekuja kuwa waziri wa ulinzi wakati wa Vietnam, akawa anafikiria kuifuta Lincoln kabisa. Kilichoiokoa ni mchoro wa Elwood Engel uliokuwa umechorwa kwa ajili ya Thunderbird, gari nyingine ya Ford. McNamara aliuona, akasema huu uongezeeni milango minne uwe Lincoln. Basi. Continental ya 1961 ilipatikana hivyo.

Cadillac wao walikuwa wanakula maisha. Mchoraji mkuu wa GM, Harley Earl, aliiona ndege ya kivita P-38, akaihamishia mikia yake kwenye Cadillac ya 1948, mwaka uliofuata wakaweka V8, yaani injini ya silinda nane, mpya yenye valvu za juu (V8 nazosema hapa sio lile Landcruiza la mheshimiwa), na kuanzia hapo mpinzani wao mkubwa Packard akaanza kuzama mpaka akafa kabisa 1958. Mikia ikazidi kurefuka, ikafika kileleni 1959 kwenye ile gari ambayo hata mtoto akichora gari ya Kimarekani anachora hiyo, halafu ikaanza kushuka mwaka hadi mwaka. Ya 1964 ndo ya mwisho kuwa na mkia wa kuonekana, mdogo, mwembamba, umekaa kistaarabu. Kwa macho yangu hiyo ndo Cadillac nzuri kuliko zote, ya 59 waachie wapiga picha za harusi.

Kuna jambo jingine la Cadillac ambalo sisi Waafrika tulio huku tunapaswa kulijua. Mwanzoni mwa miaka ya 30, uchumi umeporomoka, Cadillac ilikuwa hoi, na sera ilikuwa kutowauzia watu weusi. Tajiri mweusi, daktari au bondia, anamtuma mzungu akamnunulie na anamlipa cha juu. Nicholas Dreystadt, aliyekuwa anasimamia huduma za ufundi, akawaendea wakubwa akawaambia hao wateja mnawafukuza wa nini na hela zao taslimu. Wakakubali, mauzo yakapanda, na yeye akaja kupewa Cadillac nzima aiongoze. Ndo maana mpaka leo ukisimama na Cadillac ya zamani kituo cha mafuta kwenye mitaa ya watu weusi utakuta wazee wanakusogelea taratibu, wanaigusa, wanaanza stori za baba zao. Lincoln haina hiyo. Lincoln utaulizwa Kennedy.

Na kweli la Kennedy lazima niligusie kwa sababu linaathiri hata bei. Gari aliyouawa nayo Dallas tarehe 22 Novemba 1963 ilikuwa Continental ya 1961 ya kufunua, iliyokatwa na kurefushwa na karakana ya Hess & Eisenhardt kule Cincinnati. Ford hawakuiuza serikalini, waliikodisha kwa dola 500 kwa mwaka. Baada ya mauaji ikajengwa upya, ikawekewa paa la kudumu na vioo vya kuzuia risasi, ikaendelea kutumika mpaka 1977, leo iko jumba la makumbusho la Henry Ford pale Dearborn. Kuna mtu hilo linamvutia na kuna mtu linamnyima raha. Jijue wewe ni yupi kabla hujanunua maana utaulizwa kila wikiendi.

Sasa tuingie kazini.

Kwa umbo, sina ubishi, Lincoln inashinda. Wakati wenzake wote wana mikunjo na mapembe, yenyewe ilikuja na ubavu uliolala, mstari mmoja wa krom toka taa ya mbele mpaka ya nyuma, hakuna mbwembwe, na milango ya nyuma inafungukia nyuma kama kabati. Wamarekani wameibatiza milango ya kujiua, ila sababu yake ilikuwa ya kawaida tu: gari ilifupishwa sana kulinganisha na iliyopita, umbali wa tairi la mbele na la nyuma inchi 123, mlango wa kawaida nyuma ungekubana miguu ukiingia. Mwaka 1964 wakaongeza inchi 3, abiria wa nyuma wakapumua, na vioo vya pembeni vilivyokuwa vimepinda vikawa bapa. Hiyo ya vioo ishike, kioo kilichopinda cha 61 mpaka 63 kikivunjika kukipata ni shughuli.

Ila nataka uelewe hilo paa la Lincoln, kwa sababu hapo ndo pesa yako itaishi. Niliwahi kusimama nyuma ya moja mwenyewe akaikunja nikiwa naangalia na kwa kweli nilisahau kurekodi. Anashikilia swichi. Kwanza unasikia mota zinafungua komeo la buti, kisha buti lote linainuka, lakini linainukia kinyume, bawaba ziko nyuma kwenye bampa, limesimama wima kama mdomo wa mamba. Skrubu za umeme zinalifungua paa toka kwenye fremu ya kioo cha mbele. Paa linanyanyuka, linajikunja, linazama lote ndani ya buti, kuna bati linajikunjua kuziba mwanya, buti linarudi chini, linajifunga lenyewe. Baada ya hapo huoni turubai wala kifuniko, gari imekuwa bapa toka kiti cha nyuma mpaka mwisho. Hakuna gari ya Marekani ya enzi hizo inayofika hapo kwa uzuri.

Sasa nyuma ya huo mchezo kuna rilei (swichi zinazoendeshwa na umeme) kama kumi, mota kadhaa, pampu za haidroliki na swichi za kuhisi kila kitu kimefika wapi, na zote zinangojeana. Buti lisipotoa taarifa kwamba limefika juu, paa haliendi. Swichi moja tu yenye kutu ndani au waya mmoja usioshika bodi vizuri, ngoma inagoma katikati, nusu angani nusu ndani. Mafundi wanaoujua huo mfumo wapo ila sio wa kila mtaa, unaweza kukuta wa karibu yako yuko jimbo jingine na ana foleni. Mwenye subira na mchoro wa waya anaweza kujifunza mwenyewe, wapo wengi wamejifunza, ila usinunue ukidhani fundi wa kona atakutatulia. Na paa likiwa chini usiwaze begi, buti limejaa paa.

Cadillac ya 64 kwenye hilo ni ya kizamani na ndo raha yake. Milango miwili, pampu moja ya haidroliki, silinda mbili, paa linaangukia nyuma ya kiti, unashuka unavisha kifuniko kwa mikono. Haipendezi vile. Lakini inafanya kazi, na ikigoma mtu yeyote anayejua Chevrolet ya zamani ya kufunua ataitengeneza mchana mmoja. Begi linakaa kwenye buti kama kawaida. Kwa upande mwingine milango miwili ina kero yake, bibi na wakwe hawapendi kukunjwa kupita nyuma ya kiti, wakati Lincoln wanaingia kama maharusi. Familia kubwa ya pikiniki hapo ifikirie.

Injini. Lincoln ina V8 ya inchi za ujazo 430, nguvu farasi 320 kuanzia 1963, nzito kama jiwe la msingi, tulivu mno. Ile 1961 ilipotoka kila injini ilikuwa inawashwa kiwandani masaa matatu kwenye mashine ya kupimia, inafunguliwa inakaguliwa, inaunganishwa tena, halafu gari nzima inapelekwa barabarani maili kama 12 kabla haijaenda kwa mteja. Ndo maana walithubutu kutoa waranti ya miaka miwili au maili 24,000, kitu ambacho Marekani kilikuwa hakijawahi kuonekana. Ila familia hiyo ya injini ilitumika kwenye gari chache, spea zake ni adimu kiasi na bei imechangamka.

Cadillac ya 64 walikuza injini yao ikawa 429, farasi 340, na ni nyepesi kuliko ya Lincoln. Halafu kitu kikubwa kuliko farasi: De Ville ya mwaka huo ndo ilipata gia boksi mpya ya otomatiki, Turbo Hydra-Matic. Hii gia GM waliitumia miaka na miaka, mpaka kwenye malori, vya ndani vingi vinaingiliana, kila karakana ya gia Marekani inaijua hata ikiwa imefumba macho. Angalizo hapo, Series 62 ya 1964, ambayo ni ndugu wa bei rahisi wa De Ville, bado ilikuwa na gia ya zamani. Zinafanana kwa mbali, usiuziwe moja kwa bei ya nyingine, ingawa mwaka huo ukiona ya kufunua basi ujue ni De Ville au Eldorado, ile Cadillac ya kufunua ya bei ya juu zaidi.

Barabarani zote mbili ni sofa, usukani unazungusha kwa kidole, ila Lincoln ni nzito kweli, ya kufunua inazidi kilo 2,400 wakati Cadillac iko kwenye 2,100, na tofauti unaisikia ukikanyaga mafuta kwenye taa na unaisikia zaidi ukikanyaga breki. Zote zina breki za ngoma tairi zote nne. Lincoln hawakuweka diski mbele mpaka 1965. Cadillac walau toka 1962 walikuwa na masta silinda (pampu kuu ya breki) ya njia mbili, yaani breki za mbele zikipoteza mafuta za nyuma zinabaki. Lincoln ya miaka hii ni njia moja, ikivuja imevuja. Kama utachukua Lincoln na unabeba watoto, kubadilisha hiyo iwe kazi ya kwanza, kabla ya rangi, kabla ya rimu, na wanaokuambia itaharibu uhalisia wa gari waulize kama watakuja hospitali kukuona.

Mafuta usiniulize. Galoni ya Marekani inakupeleka maili 10 mpaka 12 kwa zote mbili na zinataka ile ya bei ya juu, kisha mipira ya zamani ya mafuta haipatani na petroli ya sasa yenye ithanoli, badilisha yote kabla haijaanza kuvuja juu ya injini ya moto.

Starehe za ndani Cadillac iko mbele kwa teknolojia. 1964 walileta kiyoyozi unachoweka joto unalotaka chenyewe kinajipanga, moto na baridi, na taa za mbele zinazojiwasha giza likiingia. Mwaka 1964! Lincoln yenyewe ina utundu wa ajabu, makomeo ya milango yanaenda kwa vakyumu, yaani nguvu ya kufyonza hewa, na waipa za kioo zinazungushwa na mafuta ya haidroliki ya pampu ya usukani. Ndiyo, umesoma vizuri. Zinafanya kazi taratibu na kimya kabisa, nzuri sana, mpaka siku mota yake ianze kuvuja, hapo unapoteza mafuta ya usukani kwa sababu ya waipa na bei ya kuikarabati itakukalisha chini. Kwenye ile ya kufunua, ukivuta mlango wa nyuma kioo kinashuka kidogo chenyewe ili kisikwaruzane na cha mbele, raha tupu, na ni mfumo mwingine wa kutunza.

Kutu ndo adui wa kweli na hapa gari zinatofautiana kabisa. Lincoln haina chesisi ya kujitegemea, bodi yenyewe ndo chesisi, zimechomelewa pamoja, sasa kutu ya chini sio ya kuziba na bati na rangi, ni uti wa mgongo unaoliwa. Kwa ile ya kufunua ni mbaya zaidi kwa sababu haina paa la kuishikilia. Cadillac ina chesisi yenye umbo la X, bodi imekaa juu yake kwa bolti, unaweza kuinyanyua ukatibu kila kimoja. Ila hiyo X nayo ilikosolewa sana kwa sababu pembeni ya milango haina mhimili, ukigongwa ubavuni kinga ni ndogo, na De Ville yenyewe iliachana nayo 1965. Kwa hiyo hakuna malaika hapa.

Upatikanaji ndo hivi: mwaka 1964 De Ville za kufunua zilitengenezwa 17,900, Lincoln za kufunua 3,328. Hizo namba zinaeleza karibu kila kitu kuhusu spea, bei na wingi wa gari za kuchinja. Mpya Cadillac ilikuwa kama dola 5,600, Lincoln karibu 6,900, na mpaka leo Lincoln nzuri ya kufunua bado inaitishwa zaidi. Ya 1967 ilikuwa mwisho wa Lincoln ya kufunua ya milango minne, na wakusanyaji wanalijua hilo.

Pima gereji jamani. Cadillac ni inchi 223 na nusu, karibu mita 5.7, kuna nyumba mpya za huku mlango wa gereji hautafunga. Lincoln ya 64 ni fupi kwa inchi 7 hivi, na za 61 mpaka 63 ni fupi zaidi.

Wanaowaza kuipeleka nyumbani. Kenya gari iliyozidi miaka 8 kwa utaratibu wa kawaida haiingii, na usukani wa kushoto ni kesi nyingine juu ya hiyo. Tanzania utakutana na ushuru wa uchakavu, na ukiwa umekaa kushoto kulipita lori barabara ya Morogoro utajua hujui. Sishauri. Ndugu zetu wa Muscat na Dubai wao hawana shida ya usukani, shida yao ni joto, hapo rejeta na feni ziwe mpya kabisa, na Lincoln na lile zito la injini lake ndo la kwanza kuchemka kwenye foleni.

Uamuzi wangu. Unataka gari ya kuendesha, Jumapili kanisani, harusi ya mtoto wa rafiki, safari ya masaa matatu kwenda jimbo la jirani, na huna fundi maalum: Cadillac De Ville 1964 ya kufunua, sifikirii mara mbili. Unajua waya, una subira, unapenda kuiangalia gari hata ikiwa imezimwa: Lincoln, na chagua ya 64 kwa sababu ya nafasi na vioo.

Lakini kuna njia ya tatu ambayo watu wanaipita wakiwa wamefumba macho, Lincoln Continental ya paa la bati. Umbo lilelile, milango ileile ya kujiua, injini ileile, ila hakuna rilei za paa wala pampu za buti, bodi ni ngumu zaidi, begi linaingia, na bei mara nyingi haifiki hata nusu ya ile ya kufunua. Nikiambiwa leo nitoe hela yangu mwenyewe natoa hapo, na chenji inayobaki naweka masta silinda mpya, mipira ya mafuta na tairi. Mke wangu anasema bora ningenunua kiwanja Kibaha, ila hiyo mada nyingine.

Ukienda kukagua, Lincoln ya kufunua mwambie muuzaji alishushe na kulipandisha paa mara mbili mfululizo, asubuhi gari ikiwa baridi, na asiguse kitu kingine zaidi ya swichi. Akianza "huwa inafanya kazi ila leo betri", punguza bei au ondoka. Fungua milango yote minne halafu mtu aisukume gari kidogo, angalia mianya ya milango kama inabadilika, ikibadilika sakafu imeliwa. Cadillac ingia chini na tochi uangalie chesisi pale inapopanda kupita juu ya ekseli ya nyuma, na sakafu ya buti chini ya tairi la akiba, matope yanakaa hapo miaka 60. Namba nazo usizipuuze: Lincoln ya 64 ya kufunua iliyotoka kiwandani hivyo namba yake inaanza 4Y86, hiyo Y ni kiwanda cha Wixom, 86 ni bodi ya kufunua. Ukiona 82 ujue ilizaliwa na paa la bati na kuna mtu aliikata, hata kama muuzaji anaapa kwa jina la mama yake. Cadillac itaanza na 64. Linganisha na kadi ya umiliki herufi kwa herufi kabla hata hujatoa pochi mfukoni.